Unakwenda China kusomea udaktari? Anzia kwa Baraza, kisha Kichina

Shahada ya udaktari wanayosomea wageni nchini China huchukua miaka 6: mitano ya masomo na mmoja wa mazoezi hospitalini. Hufundishwa kwa Kiingereza, kama wakala alivyokuambia, na hapo hajadanganya. Ila mgonjwa aliyelala kitandani kule Wuhan au Shenyang ni bibi wa miaka sabini asiyejua Kiingereza hata neno moja. Darasani utapita. Wodini, kama Kichina hukijui, utasimama nyuma ya wenzako ukitazama visogo vyao mwaka mzima, na ukirudi nyumbani bila kugusa wagonjwa, mtihani wa Baraza la madaktari la nchi yako utaliona pengo hilo mapema sana.

Nawaandikia vijana waliomaliza kidato cha sita kwa PCB, au KCSE kwa upande wa Kenya, pamoja na mzazi atakayelipa ada. Hatua zifuatazo nimezipanga kwa mfuatano unaofaa, ambao kwa kawaida ni kinyume cha ule wa mawakala.

Hatua ya 1: Nenda kwa Baraza kabla ya kwenda kwa wakala

Chuo cha China kinaweza kukupokea ukiwa na alama ambazo nyumbani hazikuruhusu kusomea udaktari. Utasoma miaka sita, utahitimu vizuri, kisha Baraza litafungua cheti chako cha kidato cha sita na kukuambia hukuwa na sifa tangu mwanzo. Kwa hiyo swali la kwanza halihusu China hata kidogo. Tanzania Bara, waulize Baraza la Madaktari Tanganyika. Zanzibar ina baraza lake. Kenya ni KMPDC. Uganda ni UMDPC. Uliza mambo matatu, na uyapate kwa maandishi: je, matokeo yangu yanatosha, je, chuo hiki mnakitambua, na nikirudi nitafanya mtihani gani kabla ya utarajali, yaani mwaka wa mazoezi ya kazi hospitalini?

Kuhusu hilo la tatu, wazazi wengi huchanganya. Mwaka wa sita wa mazoezi China hauchukui nafasi ya utarajali wa nyumbani. Aliyesoma nje atarudi, ataomba shahada yake itambuliwe, atafanya mtihani wa kabla ya utarajali, kisha atazunguka idara za hospitali kwa mwaka mmoja kama waliosoma Muhimbili au Nairobi. Piga hesabu ya miaka ukijua hivyo, na hesabu ya pesa pia.

Kwa Watanzania kuna jambo jingine la kumaliza kabla ya kuondoka: Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hutoa cheti cha kutokuwa na pingamizi, ambacho watu hukiita NOC, kwa anayekwenda kusoma nje. Wapo wanaokipuuza. Wakirudi wanakitafuta kwa jasho.

Hatua ya 2: Chagua chuo kwa orodha, usichague kwa picha

Wizara ya Elimu ya China ina orodha ya vyuo vilivyoruhusiwa kudahili wageni kwa shahada ya udaktari kwa Kiingereza. Ni vyuo arobaini na kitu, katika nchi yenye vyuo vikuu zaidi ya elfu moja, na kila kimoja kimepangiwa idadi ya wanafunzi kwa mwaka. Kama chuo chako hakimo, usiendelee, hata kama kipeperushi kina picha ya jengo linalong'aa na wanafunzi Waafrika wanaocheka. Kisha kitafute kwenye orodha ya dunia ya vyuo vya udaktari, ambayo mabaraza mengi hutazama. Ukiona jina la chuo kwenye barua ya udahili halifanani kabisa na lile la orodhani, uliza. Vyuo vya China hubadilisha majina, na wapo mawakala wanaojificha humo humo.

Andikia chuo moja kwa moja. Ofisi ya wanafunzi wa kimataifa itakuambia ada kamili, bweni, bima na tarehe ya kuripoti. Ada za udaktari kwa Kiingereza mara nyingi huwa kati ya yuan 20,000 na 40,000 kwa mwaka, na bima ya afya ya wanafunzi ni yuan 800. Linganisha na karatasi ya wakala. Tofauti utakayoiona ndiyo mshahara wake, na ukishaijua utaamua kama kazi anayokufanyia inastahili.

Sasa skolashipu. Ile ya serikali ya China, CSC, kwa shahada ya kwanza hutoa ada, malazi, bima na posho ya yuan 2,500 kwa mwezi, na mwombaji awe hajafikisha miaka 25. Lakini kwa shahada ya kwanza kwa kawaida utasoma kwa Kichina, ukianza na mwaka mmoja wa lugha. Vijana wengi wakisikia hivyo hukimbia. Mimi ningewashauri wasikimbie. Udaktari unaofundishwa kwa Kichina ni miaka 5, mazoezi yakiwa ndani yake. Ongeza mwaka wa lugha, unapata miaka sita ile ile. Yule wa Kichina atateseka sana miaka miwili ya mwanzo. Kuanzia mwaka wa nne, yeye ndiye anayeongea na wagonjwa wakati wenzake wanasubiri kutafsiriwa.

Hatua ya 3: Karatasi

Hapa hakuna ujanja, ni uvumilivu tu. Cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, cheti cha polisi cha kutokuwa na makosa, pasipoti yenye muda wa kutosha, na ile fomu ya uchunguzi wa afya kwa wageni yenye kipimo cha damu, picha ya kifua na kipimo cha moyo. Fomu hiyo huhesabika kwa miezi 6, kwa hiyo usikimbilie kupima mwezi Januari kwa safari ya Septemba. Picha juu ya fomu ipigwe muhuri wa hospitali, nusu juu ya picha na nusu juu ya karatasi. Ukifika China watataka karatasi halisi za vipimo, zisipokuwepo utapimwa upya kwa pesa yako. Zibebe mkononi, usiziweke kwenye begi kubwa.

Chuo kitakutumia barua ya udahili pamoja na fomu ya JW202 kama unajilipia, au JW201 kama una skolashipu ya serikali. Ukiwa navyo utaomba viza ya X1, ya masomo yanayozidi siku 180. Viza hiyo hukuingiza China mara moja tu, na kwenye nafasi ya siku za kukaa utaona 000. Usishtuke. Maana yake ni kwamba muda wako wa kukaa utaandikwa kwenye kibali cha ukaazi baada ya kufika. Aliye chini ya miaka 18 ataombwa pia barua ya mlezi aliyeko China. Swali hilo liulize mapema, kwa sababu wengi wenu mnamaliza shule mkiwa na miaka 17.

Hatua ya 4: Kabla ya kupanda ndege

Anza Kichina sasa. Taasisi ya Confucius ipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ipo Dodoma, na ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2005, ndiyo ya kwanza Afrika. Miezi ile ya kusubiri matokeo na udahili, ambayo wengi huimaliza vijiweni au kwenye simu, inatosha kukutoa kwenye salamu hadi kujieleza sokoni.

Simu: WhatsApp, Google, YouTube na Facebook hazifunguki kwenye intaneti ya kawaida ya China. Mweke mama WeChat, programu ya ujumbe wanayoitumia Wachina, na umfundishe kuitumia ukiwa bado sebuleni, siyo kwa maelezo ya mbali baada ya kufika. Kufungua akaunti mpya ya WeChat mara nyingi huhitaji mtu mwenye akaunti ya zamani akuthibitishe, kwa hiyo tafuta mtu aliyewahi kusoma huko. Chuo ukipe barua pepe isiyotegemea Google, la sivyo taarifa zao zitakaa usipoweza kuzisoma. Pakua kamusi ya Pleco na uhakikishe inafanya kazi bila mtandao.

Pesa: China karibu kila kitu hulipiwa kwa simu, hadi muuza viazi vitamu barabarani. Tangu mwaka 2023 Alipay na WeChat Pay zinapokea kadi za Visa na Mastercard za nje kwa urahisi zaidi, kwa hiyo ondoka na kadi ya benki inayofanya kazi nje ya nchi, pamoja na fedha taslimu za mwezi wa kwanza. Akaunti ya benki ya huko utaifungua baadaye.

Nguo: usinunue koti zito Kariakoo wala Gikomba. Utalipata huko, bora zaidi na kwa bei nzuri. Viatu ndivyo vya kubeba, hasa kama mguu wako umezidi namba 44. Dada zangu, bebeni nywele; msusi mtampata hosteli, kwa sababu siku zote yupo mmoja wa kutoka Zambia au Kongo mwenye mkono mwepesi.

Na begi lako lipange mwenyewe. "Nisaidie kamzigo haka, kuna mtu atakupokea Guangzhou" ni sentensi ya kujibu kwa adabu na kwa hapana, hata akiisema mjomba. Sheria za China juu ya dawa za kulevya zinafika hadi adhabu ya kifo, na mwanafunzi hapewi huruma ya pekee.

Hatua ya 5: Mwezi wa kwanza

Ndani ya saa 24 za kufika, polisi wanatakiwa kujua unalala wapi. Hoteli hufanya hivyo yenyewe, na hosteli ya chuo itakuongoza. Ukilala kwa rafiki mjini, wajibu ni wenu wawili mwende kituoni. Baada ya hapo una siku 30, zikihesabiwa tangu ulipoingia nchini, za kuomba kibali cha ukaazi, na humo katikati pasipoti yako itakaa ofisi ya uhamiaji kwa muda, usipange safari ya kutembea mikoani.

Kibali hicho huhuishwa, mara nyingi kila mwaka, na tarehe ya mwisho ni yako kuikumbuka, si ya chuo. Anayepitisha muda hutozwa yuan 500 kwa kila siku, hadi 10,000, au huwekwa ndani. Tena rekodi hiyo inabaki.

Baridi inahitaji neno moja, kwa kuwa ramani hudanganya. Miji ya kaskazini, juu ya mstari wa mlima Qinling na mto Huai, ina joto la mabomba majumbani, mingi yake tangu katikati ya Novemba hadi Machi. Harbin nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri, lakini ndani unakaa na fulana. Wuhan, Changsha na Nanjing ziko kusini ya mstari huo, mabomba hayo kwa kawaida hakuna, na baridi yake ni ya unyevu inayoingia mpaka kitandani. Waliopata udahili Wuhan wakashangilia kuukwepa ubaridi wa kaskazini, Januari huwakuta wakisoma ndani ya blanketi.

Chakula kitawezekana. Unga wa mahindi upo, mara nyingi wa njano. Mchicha upo tena mzuri, uliza xiancai wakati wa kiangazi. Waislamu watafute maandishi ya qingzhen: vyuo vingi vina bwalo la halali, na mitaani wale wauza tambi wa asili ya Lanzhou wapo kila mji. Kupika chumbani hosteli nyingi zimekataza, na ukaguzi upo. Tumia jiko la pamoja.

Hatua ya 6: Kichina cha darasani na Kichina cha wodini

Vyuo vingi hudai HSK, mtihani wa Kichina kwa wageni, ya kiwango cha 4 kabla ya kukuruhusu kuanza mazoezi ya hospitali. Kiwango hicho kwa mfumo uliozoeleka ni maneno kama 1,200. Kinafikika kwa mwaka wa pili au wa tatu ukisoma kila siku kidogo. Tatizo ni wale wanaokisogeza mbele, maana ratiba ya anatomia, fiziolojia na biokemia haiachi nafasi, na mwalimu wa Kichina naye anawaonea huruma, anawapitisha. Mwaka wa nne ukifika wanakariri HSK wiki tatu, wanafaulu, wanasahau.

Kiwango cha 4 kitakufundisha kuagiza tiketi ya treni na kueleza hali ya hewa. Hakitakufundisha kumuuliza mgonjwa kama choo chake ni cheusi. Kwa hiyo tangu mwaka wa kwanza fungua daftari la pili, la wodini, na ulijaze kwa utaratibu wa historia ya mgonjwa. Anza na "nali bu shufu?", wapi hujisikii vizuri. Halafu "duojiu le?", imekuwa muda gani. Téng ni maumivu, fashao ni homa, kesou ni kikohozi. Ukifika famakolojia, ongeza dawa. Ukifika patholojia, ongeza majina ya magonjwa. Jifunze pia kusoma maandishi yao ya viungo na vipimo: damu, mkojo, ini, figo, moyo. Faili zote ziko kwenye kompyuta kwa Kichina, na anayeweza kusoma majibu ya maabara tayari ana sababu ya kusimama mbele.

Sauti za juu na chini zitakusumbua, kwa kuwa sisi hatukukulia humo. Táng ya kupanda ni sukari, tāng iliyonyooka ni supu, na kwenye ushauri wa lishe kwa mgonjwa wa kisukari hutaki kuzichanganya. Jirekodi kwa simu, usikilize, ona aibu peke yako chumbani.

Halafu, ukishajivunia Kichina chako, utakutana na mzee wa kijijini anayeongea lahaja ya kwao. Kule Guangzhou ni Kikantoni, Wuhan na Chongqing wana yao. Hata wanafunzi Wachina waliotoka mikoa mingine wanahangaika. Mwombe mwanawe aliyemsindikiza akusaidie, kama tunavyofanya huku mgonjwa akija anaongea Kisukuma au Kimasai tu.

Hatua ya 7: Masomo yenyewe

Alama ya kufaulu ni 60 kwa 100. Ichukue kama sakafu. Baadhi ya walimu husoma slaidi kama zilivyo, Kiingereza chao kikiwa cha kubahatisha, na mitihani ya ndani mara nyingine hutoka kwenye slaidi hizo hizo. Mwanafunzi anaweza kupata 75 bila kufungua kitabu. Baraza la nyumbani halijawahi kuziona hizo slaidi. Soma vitabu vya kiada vinavyotumika vyuo vya kwetu, tafuta rafiki anayesoma Muhimbili, Bugando, KCMC au Nairobi, na mwombe maswali yao ya mitihani kila muhula. Ukiona huyawezi, umejua mapema.

Mahudhurio huandikwa, na yakishuka sana huathiri kibali chako cha ukaazi. Hili huwaponza wanaolala mchana kwa sababu ya kuongea na nyumbani usiku. Saa tano za tofauti si mchezo.

Hatua ya 8: Wodini

Hapa ndipo unapopatikana udaktari, na hakuna ratiba itakayokupeleka. Daktari bingwa anayekusimamia ana wagonjwa tele, anaandika faili, anajibu simu, na kufundisha wageni ni mzigo juu ya mizigo. Ukikaa kimya atakushukuru kwa kukaa kimya. Njia ni kuwa na manufaa. Fika kabla ya raundi. Jua vitanda viwili au vitatu kwa majina, vipimo vyao vya jana na dawa zao za leo. Akipita laoshi, yaani mwalimu, umwambie kwa Kichina kifupi hali ya kitanda namba fulani. Siku ya kwanza atacheka lafudhi. Wiki ya pili atakuuliza wewe.

Wagonjwa waite kwa heshima yao, ambayo haitofautiani sana na yetu: mzee wa kike ni nainai, wa kiume ni "yeye" (neno lao, si letu), mama wa makamo ayi, baba wa makamo shushu. Kijana mgeni mweusi anayemwita bibi "nainai", akaketi kwenye kigoda na kuuliza alilalaje, hukaribishwa hata machungwa. Watakaokukataa wapo pia. Sema asante, ondoka, usibishane. Na watakaotaka picha na wewe ni wengi. Wodini kataa, umevaa koti jeupe.

Tafuta mwanafunzi Mchina mmoja wa mwaka wako mfanye biashara ya lugha. Yeye ana mitihani ya Kiingereza, wewe una wagonjwa. Mkichukua historia pamoja, yeye aongee mara ya kwanza na wewe uongee mara ya pili, kila mmoja anapata chake. Nimewaona walioufanya uswahiba huu wakizunguka idara zote, upasuaji, watoto, dharura, na kila idara wakitambulishwa na rafiki.

Kila unachofanya kwa mkono wako, andika: kutoa damu, kushona kidonda, kuweka mpira wa mkojo, kusaidia upasuaji. Tarehe, idara, msimamizi, sahihi. Omba muhuri wa idara kila mzunguko unapoisha, usisubiri mwisho wa mwaka, kwa sababu madaktari huhama.

Jambo hili lilipata uzito baada ya korona. China ilifunga mipaka kwa wageni tarehe 28 Machi 2020, na wanafunzi wengi wa nje hawakuanza kupewa viza tena hadi Agosti 2022. Waliokuwa nyumbani walisoma upasuaji kwenye kioo cha simu. Baraza la India lilisema waziwazi kwamba halitambui udaktari uliosomwa mtandaoni pekee. Tangu hapo swali la "uliingia wodi gani, kwa wiki ngapi?" usilione la ajabu ukiulizwa.

Hatua ya 9: Likizo zako ni za malaria

Tarehe 30 Juni 2021 Shirika la Afya Duniani liliithibitisha China kuwa imetokomeza malaria. Heri yao. Kwako maana yake ni kwamba utamaliza miaka sita ukiwa umeona kiharusi, saratani ya tumbo, homa ya ini B na mapafu ya wavuta sigara kwa wingi, lakini mtoto mwenye malaria kali aliyeanza degedege hujamwona ila kitabuni. Selimundu pia, ugonjwa tulio nao kwa wingi kuliko nchi nyingi duniani, kule utatajwa kwa slaidi moja.

Kwa hiyo nauli ya kurudi likizo ya Julai na Agosti usiione kuwa ya kwenda kumsalimia bibi tu. Baada ya mwaka wa tatu, andika barua hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa, ambatanisha barua ya chuo, omba kujitolea. Nenda wodi ya watoto na wodi ya wazazi. Leba ni muhimu kuliko zote: kama mgeni, na hasa kama ni mwanaume, China unaweza kuhitimu ukiwa umetazama tu. Huku kwetu, daktari mtarajali ataamshwa saa nane usiku kwa mama anayevuja damu, na mkunga mwenye uzoefu wa miaka ishirini atakuwa anakutazama aone utasema nini. Mkunga huyo mfanye rafiki wakati ungali mwanafunzi. Atakufundisha usichokipata hospitali yenye mashine za mamilioni.

Hatua ya 10: Pesa, kazi, na simu za nyumbani

Viza ya masomo si ya kazi. Kufundisha Kiingereza chekechea siku za Jumamosi, ambako wengi hujaribiwa, bila kibali kinachotakiwa ni kosa: faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na likiwa kubwa, siku 5 hadi 15 ndani. Uliza ofisi ya chuo kinachoruhusiwa, kipo cha ndani ya chuo au kwa ruhusa maalumu.

Kisha kuna biashara ya mizigo. Shangazi anataka viatu, jirani anataka simu, dukani Kariakoo kuna mtu anataka sampuli. Kidogo kidogo mwanafunzi wa mwaka wa tatu anajua bei za kontena kuliko dozi za dawa. Siwalaumu, ada inaposimama mtu hutafuta. Lakini niseme nilichoona: waliozama humo walirudi wafanyabiashara, baadhi wazuri kweli, ila shahada ya udaktari ilibaki njiani. Chagua ukiwa macho.

Nyumbani wataanza kukuita daktari tangu muhula wa kwanza. Baba mdogo atakutumia picha ya upele, mtu wa kanisani ataulizia presha. Jibu ni moja: "Mzee, bado nasoma, nenda kituo cha afya upimwe." Lirudie bila kuchoka. Siku ambayo umefeli somo na huna wa kumwambia kwa sababu wote wanakuita daktari, umoja wa wanafunzi wa nchi yako mjini hapo utakufaa. Jiunge nao kabla hujauhitaji, na ulipe mchango.

Hatua ya 11: Kurudi

Usipande ndege na karatasi moja. China hutoa vyeti viwili: kimoja cha kuhitimu, kingine cha shahada. Chukua vyote, matokeo ya miaka yote, na cheti cha mazoezi kinachotaja kila idara na idadi ya wiki. Kikiandika "mwaka mmoja wa mazoezi" bila mchanganuo, kirudishe waandike upya. Vipeleke ofisi ya mthibitishaji vitafsiriwe na kugongwa muhuri, fuata uthibitisho wa ubalozi kama nchi yako inautaka, na omba cheti cha polisi cha China cha kutokuwa na makosa ukiwa bado una kibali cha ukaazi. Kukiomba ukiwa Tabora au Kisumu ni kazi nyingine kabisa. Pasipoti ya zamani yenye viza na mihuri usiitupe, ndiyo ushahidi kwamba ulikuwa China miaka unayosema ulikuwa.

Baraza na TCU wataandikia chuo kuulizia kama kweli ulisoma hapo. Barua hizo zinaweza kukaa miezi kwenye sanduku la barua pepe lisilofunguliwa na mtu. Kabla hujaondoka, pita ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, umjue kwa jina anayeshughulikia uthibitisho, uchukue WeChat yake, na umwachie nakala ya vyeti vyako. Baraza likituma barua asubuhi, mwandikie jioni hiyo hiyo.